Kinu Kilinyamaza kwa Ajili ya Mbwa

Jumatatu, 4 Julai 1983

Baridi ya kukata masikio. Chai ya rangi. Kazini nimesahihisha prufu za kalenda ya kanisa moja mpaka macho yakawasha. Ijumaa Kuu wameiweka Alhamisi. Mwenye kiwanda cha uchapaji akalalamika kwamba nachelewesha mashine kwa jambo dogo. Nikamwambia Yesu mwenyewe angependa kujua anasulubiwa lini. Hakucheka. Nami sikuwa natania.

Jioni nimemfungulia Hoja. Kawaida hutoka kama risasi, huenda nyuma ya choo, huinua mguu, kisha ndipo hurudi kunisalimu. Mkojo kwanza, salamu baadaye. Mbwa mwenye utaratibu. Leo ameinua mguu akasimama. Akasimama mno. Matone. Akahamia pembe nyingine. Matone tena. Kisha akanitazama kama mwanafunzi aliyeulizwa jambo ambalo jana alilijua.

Ana miaka sita. Nilimwokota mwaka ule nilioachishwa ualimu, nikamwita Hoja kwa sababu ndicho kitu pekee ambacho wizara ilishindwa kuninyang'anya.

Nimemaliza barua kwa mhariri juu ya madiwani na vyoo vya Makina, mtaa wetu hapa Kibera. Kali. Nimeipenda.

Jumanne, 5 Julai

Sikwenda kazini. Hoja amejikaza tangu alfajiri. Anainama, anakunja mgongo, anatetemeka, hapati kitu.

Ochieng amekuja kutazama. Ni jirani yangu wa ukuta, fundi seremala, mtu wa ziwani. Tumegombana tangu ahamie: mimi kwa sababu ya nyundo yake ya asubuhi, yeye kwa sababu ya taipureta yangu ya jioni. Amechuchumaa, akamtazama Hoja kwa jicho la mtu anayepima mbao.

"Mwalimu, hii mbwa imefungwa tumbo. Si unaona vile inajikaza? Peana mafuta ya nyonyo."

Nimesoma vitabu vingi kuliko wapangaji wote wa ploti hii wakijumlishwa, na hakuna hata kimoja kilichonipa jibu bora. Nikakubali. Yeye mwenyewe alishangaa. Tumemnywesha Hoja mafuta kwa kijiko, yeye ameshika taya, mimi nimemimina.

Mafuta yamefanya kazi yake wakati wa adhana ya alasiri, katikati ya ua, nikimkimbiza nyuma ya choo.

Hapa lazima nieleze makosa yangu na ushindi wangu, maana ni kitu kimoja. Mwenye ploti ni Hajji, Mnubi, mzaliwa wa hapa hapa Makina, mtu safi wa nguo na wa maneno. Nilipohamia na mbwa alikataa. Kwao mate ya mbwa ni najisi, na uani ndipo watu wake wanapotawadha. Nilibishana naye wiki nzima. Mwisho tukaafikiana: Hoja akae, lakini tangu asubuhi mpaka jioni afungiwe chumbani, asivuke ua. Niliondoka pale kifua mbele. Nimemshinda mwenye nyumba, nani mwingine Kibera anayeweza kusema hivyo?

Leo ni Ramadhani, Hajji amefunga, na mbwa wangu amechafua ua wake saa ya swala. Hakupaza sauti. Alisimama tu, akatazama, akapita kando. Ningependa angefoka. Ningejua la kujibu.

Nimesafisha kwa majivu na maji. Hoja bado anajikaza. Tumbo limefunguka na bado anajikaza. Kwa hiyo halikuwa tumbo.

Matone yake wakati wa magharibi yalikuwa mekundu.

Naogopa. Nimeliandika, na nitaliacha hapo.

Jumatano, 6 Julai

Ametapika asubuhi. Tumbo gumu, limevimba chini. Hataki kusimama. Niliita jina lake, akapiga mkia chini mara moja, kwa adabu.

Ochieng akasema yuko daktari wa wanyama Kawangware, pembeni ya kinu cha posho, yule anayetibu ng'ombe wa Dagoretti. Swali ni kumfikisha. Mabasi hayachukui mbwa. Teksi ya kwanza ilisimama, dereva akamwona mgonjwa wetu, akaondoka mlango ukiwa wazi.

Kwenye ploti kuna mkokoteni mmoja. Ni wa Hajji.

Nilikwenda mlangoni kwake nikiwa nimejipanga. Nilikuwa na hoja nne, ya mwisho ikiwa nzito kuliko zote. Alikuwa ameketi na tasbihi yake. Nikaanza ya kwanza. Akainua mkono.

"Mwalimu, nyamaza. Chukua mkokoteni."

Nikasema, Hajji, lakini atalala ndani yake, na ute unamtoka.

"Mate yake ni najisi. Maumivu yake siyo." Kisha akaongeza kwamba mkokoteni ukirudi usiguswe na mtu. Atauosha mwenyewe, kwa udongo na maji, kama dini yake inavyomfundisha. Akarudi kwenye tasbihi.

Nilibaki pale na hoja zangu tatu zilizosalia. Hazikuwa na kazi. Sijazoea. Nashukuru, na ninaona haya kwamba nilikuwa nimejiandaa kwa vita.

Ochieng alisukuma, mimi nilimshika Hoja kichwa. Tulipanda kupitia nyumba mpya za Ayany, tukatokea barabara ya Ngong, tukaifuata mpaka Kona ya Dagoretti. Watu walicheka. Jamaa mmoja wa kinyozi akauliza nyama hiyo ni pesa ngapi kilo. Ochieng hakugeuka. "Hii nyama inauma wateja," akasema, akaendelea kusukuma.

Daktari ni mwanamke. Daktari Njoki. Angeweza kuwa binti yangu. Tulimkuta akivua gambuti, ametoka kuzalisha ng'ombe Riruta. Chumba chake kimeungana ukuta na kinu, kila kitu ndani kina vumbi la unga, naye hupangusa meza huku akizungumza bila kujua kwamba anapangusa. Alimpapasa Hoja tumbo. Akauliza tumempa nini. Nikasema mafuta ya nyonyo.

"Nani alisema ni tumbo?"

Ochieng akatazama dari. Nami nikatazama dari.

Akaingiza mpira mwembamba kwenye njia ya mkojo. Ukaenda, ukagota. Akausukuma taratibu, akaniambia nisikilize. Nilisikia. Sauti ya kukwaruza, kama kisu juu ya jiwe la kunolea. Mawe, akasema. Yako kwenye kibofu, na moja limetoka likakwama njiani, nyuma ya mfupa. Mbwa dume ana mfupa pale. Sikujua. Nina miaka hamsini na moja na sikujua.

Mpira ulikataa kupita, basi akatoboa tumbo kwa sindano ndefu na kuvuta mkojo kutoka juu. Mwekundu, wenye harufu kali. Hoja akapumua. Pumzi ndefu, ya mtu aliyeshushiwa mzigo wa mawe ya nyumba. Karatasi nyekundu ya kupimia ikachovywa, ikageuka bluu, dalili ya magadi. Hapo daktari akaanza kunihoji.

Anakula nini? Ugali na mboga ninayobakiza. Mboga gani? Mrenda. Umepikwaje? Na munyu, nikasema, na nikaeleza, maana yeye ni Mkikuyu: maji yaliyochujwa kwenye majivu ya maganda ya maharagwe, yanayolainisha mboga. Anakunywa maji? Kidogo, maji ni ya kununua. Mchana anatoka mara ngapi kukojoa?

Nikavua miwani, nikaipangusa.

Hatoki, nikasema.

Akanieleza bila kunipiga na bila kunibembeleza. Chanzo ni ambukizo kwenye kibofu. Lakini mkojo unaoshikiliwa mchana kutwa, maji haba, na magadi ya majivu katika chakula kila siku, vyote vimelisaidia. Mawe ya aina hii hupenda mkojo kama huo.

Nilijua ana haki na bado nikainuka kutetea munyu. Nikamwambia munyu umewalea babu zangu wa Maragoli kabla ya hospitali ya kwanza kujengwa nchi hii.

"Umelea watu, mama. Huyu ni mbwa."

Nikakaa. Wanaonijua hawataamini.

Lazima apasuliwe. Lakini si leo, damu yake imejaa sumu ya mkojo. Leo dripu, kesho kisu. Anaweza kufia mezani. Alisema hivyo hivyo, akinitazama usoni. Nimempenda kwa hilo. Malipo tumeelewana, hapo hapana hadithi.

Tumerudi na mkokoteni mtupu. Ochieng alisukuma bila kupumzika mpaka Kona. Pale akaniomba radhi kwa ajili ya mafuta. Nikamwambia aliyemimina ni mimi.

Hajji aliuchukua mkokoteni kwa kamba, akauvuta nyuma ya nyumba. Nilisikia maji yakimwagwa. Akarudia, akarudia tena. Mtu ambaye hajatia tone mdomoni tangu alfajiri.

Alhamisi, 7 Julai

Naandika na mikono inayonuka dawa.

Tulifika mapema, mimi na Ochieng. Aliacha kazi yake ya milango. Sikumwomba.

Hoja alikuwa macho. Alinusa kiganja changu, akakilamba. Daktari akamnyoa mguu wa mbele, akatafuta mshipa, akaingiza usingizi polepole. Kichwa kikawa kizito mkononi mwangu. Macho yakabaki wazi lakini hayakuwa yakinitazama tena. Hapo ndipo nilipotaka kumzuia. Nilitaka kusema basi, inatosha, nampeleka nyumbani afe na watu wake. Nikaendelea kushika kichwa.

Akamfunga miguu kwenye pembe za meza, akamnyoa tumbo, akampaka dawa. Akachukua kisu. Akakirudisha.

Meza ilikuwa ikitetemeka. Kinu. Ukuta mzima ulikuwa ukitikisika, na vyombo kwenye sinia vilikuwa vikigongana kama meno. Akaniambia kupasua ng'ombe uani ni kitu kimoja. Kibofu cha mbwa ni chembamba kama kitambaa kilicholowa, na hawezi kukishona juu ya meza inayocheza. Akatoka na glavu zake zikiwa zimeinuliwa.

Kupitia ukuta nilisikia kila neno. Mwenye kinu akasema foleni imefika barabarani. Daktari akasema anahitaji saa moja. Sauti ya mwanamke ikauliza mgonjwa ni nani.

"Ni mbwa."

"Mbwa?"

Kicheko, kikatembea foleni nzima. Kisha mwanamume mmoja, kwa hasira: yeye ametoka Riruta na gunia mgongoni, angojee mbwa? Mbwa wa nani? Mwingine akasema ni wa mama fulani wa Kibera, yule mwenye miwani. Nilisimama pale na tochi niliyopewa mkononi, nikiwa tayari kutoka. Nilikuwa na hotuba. Nimewahi kunyamazisha mikutano ya chama kwa hotuba dhaifu kuliko ile.

Lakini yule mwanamke wa kwanza akanitangulia. "Wewe baba, mahindi yako itaoza kwa saa moja? Weka gunia chini, ukalie. Mgonjwa ni mgonjwa."

Nikasikia gunia likitua chini. Kisha mkanda wa kinu ukaanza kulegea, mlio ukashuka, ukashuka, ukawa mguno, ukakatika.

Sijawahi kusikia ukimya kama ule Kawangware. Kuku walisikika. Mtu alikohoa barabarani nikamsikia.

Daktari alirudi, akaniambia nishike tochi juu ya bega lake. "Ukitaka kuzimia, zimia upande ule." Sikuzimia. Alikata kando ya uume, chini, mkato mmoja mrefu. Damu ilikuwa kidogo kuliko nilivyotarajia. Akaingiza vidole viwili akakitoa kibofu nje, kizito, chekundu, mishipa yote imesimama, akakizungushia vitambaa. Nilikitazama na kufikiri: hiki ndicho alichokuwa amebeba huku akinipigia mkia kila jioni.

Ochieng alikuwa mlangoni, mgongo kwetu, uso kwa foleni. Alikuwa amejipa kazi ya mtangazaji. "Imelala... Amefungua... Hapana, iko hai... Mama yake ameshika tochi, hajalia." Sikuwa nimelia. Hiyo ni kweli mpaka hapo.

Daktari akatoboa kibofu kwa ncha ya kisu, akapanua, akaomba kijiko. Kijiko kirefu, chembamba, kama cha kuchotea uboho. Akachota. Jiwe la kwanza likaanguka kwenye karai la bati. Kla.

"Imetoka moja," akasema Ochieng, na nje watu wakanong'ona.

Yakaja mengine. Ya manjano hafifu, mengine laini kama maharagwe, mengine yenye pembe. Kla. Kla. Kila mara foleni ilisikia. Yule wa Riruta, nilimtambua kwa sauti, akasema taratibu kwamba hata yeye angelia.

Kisha lile la njiani. Daktari alinipa mpira na bomba la sindano lenye maji ya chumvi, akanionyesha pa kushika, akaniambia nisukume atakaposema. Nikasukuma. Hayakwenda. Tena. Jasho lilinitoka katika baridi ya Julai. Mara ya tatu nilihisi kitu kikilegea chini ya kidole gumba, na maji yakapita, na jiwe likarudi nyuma mpaka ndani ya kibofu. Akalichota. Dogo. Halifiki punje ya hindi. Hilo ndilo lililotaka kumuua.

Akaosha, akaosha tena, akashona kibofu kwa uzi wa utumbo wa kondoo, tabaka mbili. Akakijaza maji kuona kama kinavuja. Hakikuvuja. Akakirudisha mahali pake kwa viganja viwili, kwa heshima, kama mtu anayerudisha mtoto kitandani.

Alipomaliza ngozi, alimwambia Ochieng watu wasage mahindi yao.

Hawakwenda kwanza kwenye kinu. Walitaka kuona mawe. Karai likapita mkono kwa mkono kwenye foleni. Wakayagusa, wakayapima, mmoja akasema haya ni kokoto za kumwagia zege. Yule mwanamke aliyewanyamazisha akanirudishia karai, akanitazama, akasema, "Pole, mama. Ataishi." Sikujua jina lake. Sikuuliza.

Kinu kikaanza tena. Hapo nikalia, kwa kuwa hapangekuwa na wa kusikia.

Ijumaa, 8 Julai

Kazini. Mpiga chapa mmoja amesikia. Akasema mbele ya wote kwamba watu wanakufa wakingoja kitanda hospitali, nami napasua mbwa. Hoja yake si ya kijinga. Nimemjibu hata hivyo. Huruma si unga wa foleni, kwamba mbwa akipata kibaba basi mtoto atarudi nyumbani na mfuko mtupu. Nimewajua wengi wasio na huruma kwa mbwa. Sijawaona wakiwagawia watu hiyo waliyoiweka akiba.

Akarudi kwenye mashine yake. Sikufurahi kama kawaida.

Baada ya kazi, Kawangware. Hoja ameinua kichwa. Amekunywa maji. Hajakojoa.

Jumamosi, 9 Julai

Hajakojoa.

Daktari anamkamua kwa mkono, anabonyeza tumbo kutoka nje, mkojo unatoka. Njia iko wazi. Shida si njia. Kibofu kilivutika mno, akasema, na kibofu kilichovutika mno kinaweza kusahau kazi yake. Kingine hukumbuka. Kingine hakikumbuki kamwe.

Nikamuuliza itakuwaje kisipokumbuka. Akasema mbwa hawezi kukamuliwa maisha yake yote. Sikuuliza zaidi. Sindano hiyo ya mwisho naijua.

Amesema tungoje mpaka Jumatatu.

Nimepishana na Hajji uani. Ameuliza habari. Nimempa, zote, nikiwa nimesimama. Nikamwambia pia alichosema daktari juu ya mbwa kufungiwa mchana. Sikukusudia kumlaumu, mapatano yalikuwa yetu sote, na mimi ndiye niliyeyashangilia. Alisikiliza. Akasema, "Tutaona." Sijui tutaona nini.

Nimejaribu kusoma. Ukurasa mmoja mara nne. Nimeweka kitabu chini.

Nikiandika ukweli: sina mume, sina mtoto, nina maadui wengi na nawapenda kwa namna yangu. Lakini adui hakungojei mlangoni jioni.

Jumapili, 10 Julai

Nilikwenda mapema, kabla ya makanisa kuanza ngoma zao. Daktari hakuwepo, amekwenda kanisani, mlinzi alinifungulia. Nikamtoa Hoja kwa kamba mpaka nyuma ya kinu, penye ukuta wa mawe na magugu. Alitembea kama mzee, miguu imepanuka, nyuzi tumboni.

Alinusa ukuta. Alinusa muda mrefu. Sikumvuta.

Akainua mguu, akaushusha, ulimuuma. Akachuchumaa kama jike. Nikageuza uso, nikamwachia faragha yake. Hakuna kitu. Nikahesabu mawe ya ukuta. Hakuna.

Kisha nikasikia.

Haba kwanza, ukikatikakatika, halafu ukamiminika. Una wekundu kidogo. Ulipiga magugu, ukachimba kijishimo, ukatoa mvuke katika baridi ile. Aliendelea. Aliendelea mpaka nikacheka peke yangu kama mwendawazimu.

Daktari aliporudi na nguo zake za kanisa alinikuta nimekaa chini na mbwa mapajani. Nikamwonyesha mahali. Akainama akatazama udongo uliolowa, na gauni lake zuri, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Kimekumbuka," akasema.

Nikamshika mkono kwa mikono yangu miwili. Nilikuwa nimetafuta maneno njia nzima, kisha nikasema asante tu. Akasema karibu. Na akaniagiza: hakuna munyu kwa mbwa, maji mengi, vidonge asubuhi na jioni, na mchana atoke. Mchana atoke, mama. Umesikia?

Nimesikia.

Jumatano, 13 Julai

Nyumbani. Ochieng amemleta kwa mkokoteni uleule. Hajji alituambia tuuchukue kabla hatujaomba.

Idd imekuja na kupita. Nilipoingia chumbani nilikuta sahani ya tambi tamu imefunikwa kwa kitambaa. Na nikakuta mwanga usiopaswa kuwepo.

Ukuta wangu wa nyuma umekatwa. Chini, usawa wa goti, shimo la mraba. Kuna kilango cha mbao, kimepigwa randa vizuri, bawaba mbili za ngozi. Nje yake uzio mfupi wa mabati unakwenda moja kwa moja hadi kwenye nyasi za upande wa reli.

Ilikuwa fikra ya Hajji. Ochieng alichonga jana, akakata ukuta leo, mimi nikiwa kazini. Mbwa atatoka na kuingia mchana kutwa bila kukanyaga ua. Maji ya kutawadha yako salama, mbwa yuko salama. Nilibishana na mtu huyu wiki nzima mwaka ule, kwa ufasaha wangu wote, na hakuna kati yetu aliyefikiria msumeno.

Nilikwenda kumshukuru. Alikuwa kwenye kiti chake. Akasema nyumba ni yake, anaweza kuikata atakapo. Kisha, kwa sauti ya chini: "Mwalimu, siku moja ungesema tu kwamba anaumia."

Nilitaka kujibu kwamba sikujua. Ingekuwa kweli. Nikasema, "Ahsante, Hajji." Nikaongeza kwamba tambi ni nzuri. Sikuwa nimezionja. Nimekwenda kuzionja mara moja ili nisiwe mwongo.

Ni nzuri kweli.

Jumapili, 24 Julai

Nyuzi zimetolewa. Kovu ni jembamba, manyoya yanaanza kulifunika.

Ukungu leo asubuhi, mpaka kwenye reli. Nimempikia Hoja ugali na vichwa vya samaki, bila munyu. Mrenda wangu nimeutia munyu.

Tumetembea kando ya reli. Anasimama kwenye kila kichaka, kila jiwe, kila nguzo. Ananusa, anainua mguu, anatoa kidogo, anakwenda mbele, anasimama tena. Zamani nilikuwa nikimvuta. Nina barua za kujibu, nina mtu wa gazetini wa kumtia adabu.

Leo nilisimama. Kamba ililegea mkononi. Treni ya mizigo ilipita polepole, akaitazama, ikaisha, akarudi kwenye kichaka chake.

Nilingoja mpaka amalize.